Nifungeje hesabu ya mwaka uliobadilisha kazi yangu na maisha yangu?

Randa na Msasa (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, habari zenu, na walionizidi umri shikamooni. Nimesita kwa wiki kadhaa kabla ya kuandika haya kwa sababu ni mambo ya ndani, lakini nimeona jinsi watu wanavyojibiana hapa kwa heshima, nami nahitaji macho ya mtu asiyenijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39. Nilikuwa mhasibu kwa miaka 12, na katika minne ya mwisho mimi ndiye niliyesimamia ufungaji wa hesabu za mwaka. Mwezi wa tatu mwaka huu nilijiuzulu ili niwe seremala. Halikuwa wazo la ghafla, kwani kwa miaka miwili nilikuwa nikienda kila Jumamosi kwenye karakana ya fundi mmoja, nikaanza kwa kufagia maranda na kupiga msasa, mpaka siku aliponikabidhi randa. Akiba niliyokuwa nayo ilitosha kuendesha nyumba kwa miezi 14. Mume wangu tulizungumza sana naye akaniunga mkono, ingawa kaka zangu walinikumbusha kwamba mtu haachi mbachao kwa msala upitao.

Mwezi wa sita mama yangu alifariki baada ya kuugua kwa wiki tano tu. Mwezi wa nane tukahamia nyumba ndogo zaidi, iliyo karibu na karakana na yenye kodi nafuu. Kwa hiyo ndani ya nusu mwaka niliagana na kazi niliyoizoea, nikamzika aliyenizaa, na nikafunga mlango wa nyumba ambamo watoto wangu wawili walijifunza kutembea.

Kila mwaka unapoisha nina desturi ya kukaa jioni moja na daftari, nikajiuliza mwaka umekwendaje. Safari hii nimekaa mara tatu, na mara zote nimelifunga bila kuandika neno. Nilichora mstari katikati ya ukurasa kama nilivyozoea kazini, upande mmoja nilichopata na upande wa pili nilichopoteza, na urari, yaani kulingana kwa pande hizo mbili, ukakataa. Sijui nimweke wapi mama. Nikimwandika upande wa kilichopotea, mwaka mzima unazama pamoja naye, na useremala nao unaonekana kuwa kosa nililolifanya katika mwaka mbaya. Nikimwacha nje ya ukurasa, najiona nimemsaliti.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wiki ya tatu baada ya mazishi nilirudi karakanani, nikaranda ubao mmoja kwa karibu saa nzima. Maranda yalitoka membamba kiasi cha kupitisha mwanga, yakawa yanajikunja na kuangukia miguuni, na kwa muda ule nilikuwa na furaha kamili. Nilipotambua kwamba nina furaha, niliogopa. Nilitua randa, nikatoka nje, na siku ile sikurudi tena ndani.

Sasa mkuu wangu wa zamani ameniandikia kwamba aliyechukua nafasi yangu anaondoka, na kwamba nikitaka kurudi nimjibu kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Akiba iliyobaki ni ya miezi mitatu, kwa kuwa ugonjwa, mazishi na kuhama vilikula sehemu yake. Kazi ninazopata tangu mwezi wa kumi zinagharamia karibu theluthi moja ya mchango wangu nyumbani. Ninachoomba kwenu si kuamuliwa. Ninaomba mnieleze mtu huutazamaje kwa haki mwaka wa namna hii, na hutofautishaje majuto na uchovu, kwa sababu kwangu mimi sasa vyote viwili vina uso mmoja.

Mzee Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Nimekusoma mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Nilikuwa mpima ardhi kwa miaka 33. Nilistaafu miaka minane iliyopita, na mwaka uleule mke wangu akapatwa na kiharusi, kwa hiyo hali ya kubadilikiwa na mambo ya kazi na ya nyumbani kwa wakati mmoja naifahamu. Kwa miezi mingi baada ya kustaafu nilikuwa nikitembea njiani huku nikihesabu hatua zangu na kuzigeuza kuwa mita, bila mtu kunituma. Mwili ulikuwa umeshaondoka kazini, lakini mimi nilikuwa bado nipo kule.

Lililonifumbua macho ni tofauti aliyoieleza Mmarekani mmoja, William Bridges, tangu mwaka 1980, baina ya badiliko na mpito. Badiliko hutokea nje ya mtu na lina tarehe yake: umesaini barua, umehama nyumba. Mpito ni kazi inayofanyika ndani ya mtu ili alipokee badiliko hilo, na hiyo haina tarehe. Bridges alieleza kwamba mpito huanza na mwisho wa kitu, kisha hufuata kipindi cha katikati ambapo ya kale yamekwisha na mapya hayajashika, na baada ya hapo ndipo mwanzo mpya hupatikana. Mtu anayeukimbia ule mwisho, au asiyevumilia kipindi cha katikati, hujikuta ameanza jambo jipya huku moyo wake haujafika.

Nikiyatazama maelezo yako kwa jicho hilo naona jambo moja waziwazi. Mama yako alipofariki watu walikuja, wakakaa nawe, wakalia nawe, na kila mmoja alijua kwamba una haki ya kuhuzunika. Ulipoacha kazi uliyoifanya kwa miaka 12 hakuna aliyekuja kukaa nawe, kwa sababu uliiacha kwa hiari na kila mtu alitazamia ufurahi. Lakini hata kitu ambacho mtu amekiacha kwa hiari yake kina mwisho, na mwisho huo unadai haki yake. Nina shaka kwamba huzuni ya kazi haikupata nafasi, ikaingia ndani ya huzuni ya mama, na sasa zimeshikamana kiasi kwamba huwezi kuigusa moja bila kuitikisa nyingine.

Kuhusu urari unaokataa, wewe ndiye mtaalamu, nami nasema kwa tahadhari. Mafundi wa ujenzi tuliokuwa tukifanya nao kazi walikuwa na mhasibu wao, na naye alinifundisha kwamba jengo ambalo halijakamilika siku ya kufunga vitabu haliandikwi kuwa hasara kwa sababu tu halijaezekwa. Huandikwa kuwa kazi inayoendelea, likavuka mwaka na kuingia katika vitabu vinavyofuata. Useremala wako una miezi tisa. Usiulazimishe ukamilike tarehe 31 Desemba kwa sababu kalenda imekwisha.

Mshauri Nasaha

Dada, pole kwa msiba. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa miaka 15, na ningependa kuongeza kwa aliyoyasema mzee, kisha nizungumze zaidi kuhusu furaha iliyokutisha, kwa kuwa naona ndiyo iliyobeba uzito kuliko yote uliyoandika.

Kwanza, uchovu wako una sababu. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama kulingana na kiasi cha kujirekebisha ambacho linamdai mtu. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kulipewa alama 100. Katika orodha hiyo kufiwa na ndugu wa karibu ni 63, kubadilika kwa hali ya fedha ni 38, kubadili aina ya kazi ni 36, na kuhama makazi ni 20. Jumlisha hayo manne tu utapata 157, na wao waliona kwamba kuanzia 150 mzigo umekuwa wa kuangaliwa kwa afya ya mtu. Orodha hiyo ni ya zamani, inampa kila mtu alama zilezile bila kujali hali yake, na si kipimo cha ugonjwa, kwa hiyo usiichukue kuwa utabiri. Ninaitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo watu husahau: mambo ya heri nayo yamo. Kuoa au kuolewa kuna alama 50, na kupata mafanikio makubwa binafsi kuna 28. Badiliko ulilolitamani nalo linachosha, na mtu kuchoka hakumaanishi kwamba alichagua vibaya.

Pili, jihadhari na namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watumbukize mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Katika zamu nyingine waliutumbukiza kwa sekunde 60 zilezile, kisha wakaendelea kwa sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa polepole mpaka nyuzi 15, ambayo bado ni baridi ya kuumiza. Walipoulizwa ni zamu ipi wairudie, wengi walichagua ile ndefu, ingawa ilikuwa na maumivu mengi zaidi kwa jumla, kwa sababu iliishia vizuri kidogo. Akili haijumlishi dakika zote za jambo lililopita, bali hushika pale palipouma au kufurahisha zaidi na pale lilipoishia, kisha kwa hayo mawili huhukumu jambo zima.

Sasa utazame mwaka wako. Kilele chake ni mwezi wa sita. Mwisho wake ni akiba inayopungua na barua inayokudai jibu. Ukikaa na daftari jioni ya Desemba na kuuliza mwaka ulikwendaje, jibu utakalopewa ni la nyakati hizo mbili, na miezi mingine yote itanyamaza. Ndiyo maana huwa ninawaomba ninaowahudumia wasianze na swali, waanze na ushahidi. Chukua ulivyoviandika wakati mambo yanatokea: ujumbe uliowatumia watu, picha za simu, stakabadhi, daftari la vipimo kama unalo. Anza na Januari, uende mwezi kwa mwezi, na kwa kila mwezi uandike yaliyotokea bila kuyapa hukumu. Ifanye kazi hiyo kwa jioni kadhaa. Weka alama pia kwenye uliyoyachagua, na alama nyingine kwenye yaliyokupata. Kujiuzulu ulichagua wewe mwenyewe, msiba ulikupata. Vimekaa katika mwaka mmoja kama abiria wawili wasiofahamiana, na hakuna sababu ya kukifanya kimoja kiwe adhabu ya kingine.

Nirudi kwenye ubao ule. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi baina ya mambo mawili. Kuna wakati huelekea kwenye alichokipoteza, akalia, akakumbuka, akatazama picha. Na kuna wakati huelekea kwenye maisha yanayomtaka aendelee, akajifunza kazi mpya, akahudumia watoto, akapumzika kabisa kutoka katika huzuni. Kwa maelezo yao, kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha mtu kuubeba msiba, na anayebaki upande mmoja tu ndiye anayeelemewa. Saa ile moja karakanani ulikuwa umevuka ng'ambo ya pili, kama inavyopasa. Hukumwacha mama yako nyuma. Ulipotua randa na kutoka nje, ulikuwa umeshaanza safari ya kumrudia.

Nimalizie na tahadhari ambayo siwezi kuiacha. Ikiwa usingizi umekutoka kwa wiki nyingi, ikiwa chakula hakipiti, au ikiwa umeanza kuona kwamba kuishi hakuna maana, mwone daktari mapema, kabla ya kuamua lolote kuhusu kazi.

Aliyerudi

Dada yangu, nakupa pole, nami nitasema kwa upande ambao waliotangulia hawakuugusa.

Nilikuwa mhandisi wa umeme, nikaacha kazi ili niwe mpiga picha, na baada ya miezi 19 nikarudi kwenye uhandisi. Mwaka wangu wa kwanza nao nilijiambia kwamba ni kipindi cha katikati, kwamba subira itavuta heri, na kwamba kila dalili mbaya ni uchovu utakaopita. Baadhi yake ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na dalili moja ambayo haikuwa uchovu, nayo ni kwamba kila nilipopata kazi ya picha nilitamani iishe. Nilipenda kuwa mpiga picha, ila kupiga picha kwenyewe, kwa maagizo ya mteja, siku baada ya siku, sikukupenda. Ilinichukua muda mrefu kulikiri hilo kwa sababu niliona aibu mbele ya watu niliowaaga.

Kwa hiyo ukifika kwenye zoezi la mshauri, kwa kila mwezi jiulize pia jinsi Jumanne zako zilivyokuwa. Usiitazame siku ya kukabidhi kazi iliyokamilika na kupongezwa, wala siku ya kuharibu mbao ya gharama. Tazama siku ya katikati ya wiki isiyo na jambo, ulipokuwa ukipima, ukikata, ukisubiri gundi ishike. Kisha iweke karibu na Jumanne ya ofisini, nayo ukiikumbuka jinsi ilivyokuwa na si jinsi unavyoitamani leo akiba ikiwa imepungua. Uchovu mara nyingi hupungua ukipumzika. Majuto hukusubiri palepale unapoamka, nayo hukuambia kwa usahihi ni kitu gani unachokikosa. Kama unachokikosa ni mshahara, hilo ni tatizo la fedha na lina njia zaidi ya moja za kulitatua. Kama ni wenzako, hilo ni tatizo la upweke. Kama ni kazi yenyewe ya vitabu, basi una jibu la kumpa mkuu wako.

Siwezi kukubaliana moja kwa moja na mzee wetu kuhusu kuuvusha mwaka kama kazi inayoendelea, ingawa namheshimu kwa maneno yake. Jengo lisiloezekwa huvuka mwaka, lakini mwenye jengo naye huwa amekadiria kiasi kilichobaki cha kulimalizia. Akiba ya miezi mitatu ni tarehe, upende usipende. Kaa na mumeo mkubaliane sasa, wakati hamjabanwa, kwamba ikifika siku fulani na kazi za mbao hazijafikia kiasi fulani, utafanya nini. Mimi sikufanya hivyo, na kila mwezi niliongeza mwezi mwingine, mpaka uamuzi ukafanywa na deni badala ya kufanywa na mimi. Na usiihesabu ile miaka 12, wala hii miezi tisa, kuwa sababu ya kubaki popote. Yote imekwisha kutumika na hairudi kwa uamuzi wowote utakaoufanya. Linalohesabika ni yaliyo mbele.

Jambo la mwisho linahusu wateja. Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 matokeo kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 ni mara chache sana. Wa karibu nasi wanajua yaleyale tunayoyajua, na habari mpya hutoka kwa wale tunaosalimiana nao kwa mbali. Yeye alizungumzia ajira, lakini mimi niliona hivyohivyo kwa wateja. Una miaka 12 ya watu wa namna hiyo, wa idara nyingine, wakaguzi, wauzaji wa vifaa vya ofisi. Je, wangapi kati yao wanajua kwamba sasa unatengeneza meza?

Nilirudi, na sijuti kurudi wala sijuti kuondoka. Nilipoanza tena nilikaribishwa vizuri, na waliosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walisema kwa upendo. Nakuambia haya ili ukirudi usirudi kwa kujificha, na usipokwenda isiwe kwa kuogopa macho ya watu.

Binti wa Mwalimu

Dada, poleni nyumbani kwenu. Sina uzoefu wa kushauri, nina swali moja tu, na kama ni zito usilijibu. Umesema kaka zako walisema nini kuhusu useremala, na mumeo alisema nini. Mama alisemaje?

Randa na Msasa (mwanzisha mada)

Nimechelewa kurudi kwa siku tisa kwa sababu niliamua kufanya mlilonishauri kabla ya kuwashukuru. Mzee wangu, dada mshauri, kaka yangu uliyerudi, na wewe binti wa mwalimu, asanteni sana.

Nilikusanya ujumbe wa simu, stakabadhi, na daftari la vipimo ninaloliweka mfukoni karakanani, nikaupitia mwaka mwezi kwa mwezi kwa jioni nne. Niliyoyakuta si yale niliyokuwa nikiyakumbuka. Mwezi wa nne, ambao kichwani mwangu ulikuwa mtupu, una kurasa 11 za michoro. Ukurasa mmoja nimeandika kwamba mikono imevimba na kwamba nimekosea kipimo cha mlango wa kabati kwa sentimita mbili, na chini yake nimeandika saa ya kurudi kesho. Kukosa usingizi, ambako nilidhani kulianza nilipojiuzulu, kulianza katika wiki za hospitalini; ujumbe niliokuwa nikimtumia mume wangu saa tisa usiku unaanzia pale, na kabla ya hapo haupo hata mmoja. Kwa hiyo nilikuwa nimeibebesha kazi lawama ya jambo lililoletwa na ugonjwa wa mama.

Niliziangalia pia Jumanne. Za karakanani ni za kuchosha, na nyingi nilifanya kazi moja tu tangu asubuhi mpaka jioni, lakini sikuikuta hata moja niliyoitamani iishe. Za ofisini nilizikumbuka kwa uaminifu kadiri nilivyoweza. Ninawakosa watu wawili niliokaa nao chumba kimoja kwa miaka saba, na ninakosa kujua mwezi utaisha na nini. Vitabu vyenyewe sivikosi, isipokuwa wiki zile za mwisho wa mwaka, pale takwimu zilizotawanyika zinapokusanyika na kukubali. Hizo nilizipenda kweli, na mzee wangu alikuwa na haki kwamba sikuwahi kuziaga. Nimewapigia simu wale wenzangu wawili, na kwa mara ya kwanza nimewaambia kwamba nawakosa. Mmoja wao alikuwa hajui kabisa nilikwenda kufanya kazi gani. Ameniagiza rafu ya vitabu.

Nimemjibu mkuu wangu kwamba sitarudi kwenye nafasi ile, na nikamwomba afikirie kunipa kazi ya mkataba ya kufunga hesabu kwa wiki sita za kila mwaka. Hajajibu bado. Mimi na mume wangu tumeandika tarehe, mwisho wa mwezi wa sita, na kiasi ambacho mapato ya kazi za mbao yanapaswa kuwa yamefikia, na tumeandika pia nitakalolifanya yasipofikia. Karatasi hiyo tumeibandika ndani ya mlango wa kabati, na tangu siku ile nalala vizuri zaidi.

Ule mstari wa katikati ya ukurasa nimeuacha. Nimetumia kurasa mbili zisizotazamana. Wa kwanza una kazi, nyumba na fedha, na huo umekubali kufungwa. Wa pili ni wa mama, hauna safu wala jumla, nami nauandika ninapoweza.

Binti wa mwalimu, swali lako ndilo lililokuwa la kwanza kuandikwa katika ukurasa huo. Mama hakusema neno nilipoacha kazi, na ukimya wake nilikuwa nimeuchukua kuwa ni kutokuridhika. Lakini katika wiki ya pili ya ugonjwa alinishika mkono, akaupindua, akapitisha kidole kwenye sugu zilizokuwa zimeanza kutokea chini ya vidole vyangu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu. Kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea kigoda cha kuwekea miguu, kifupi, kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba akikaa kitini. Nikamwambia naweza. Nilikianza usiku uleule, na sikuwahi kukimaliza. Nilikuwa nimelisahau jambo hili kabisa, au sikutaka kulikumbuka, mpaka nilipoukuta mchoro wake katika daftari, pamoja na kipimo cha urefu alichokionyesha yeye mwenyewe kwa kiganja kutoka sakafuni.

Jana nilikitafuta. Kipo nyuma ya mbao ndefu, kimejaa vumbi, miguu mitatu imekwisha kuingizwa na kutiwa gundi. Mguu wa nne ulikuwa umelazwa juu yake, umekatwa tayari, na alama ya penseli niliyoichora mwezi wa tano bado inaonekana. Niliujaribisha kwenye tundu lake. Umebana kidogo upande mmoja, na kesho asubuhi nitaupunguza kwa msasa.